Kusoma funguzi za sataranji kunakupandisha kiwango? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara: kwenye klabu, shuleni, na kwenye makundi ya simu ambako watu hutumiana michezo yao. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Nadharia ya ufunguzi ni nini hasa?

Ni hatua za mwanzo wa mchezo zilizokwisha kuchezwa na kuchambuliwa na wengi, hadi ikajulikana zipi zinafaa na zipi zinakuumiza. Mweupe ana hatua 20 za kuchagua mwanzoni. Mweusi akishajibu, ubao unaweza kuwa katika hali 400 tofauti, na hapo kila upande umesogeza mara moja tu. Watu wamekuwa wakijaribu kuuweka sawa msitu huu kwa karne nyingi. Kitabu cha Lucena, kilichochapwa Hispania mwaka 1497, tayari kilikuwa na funguzi ndani yake. Leo funguzi zote zimepangwa kwa vitambulisho 500, kuanzia A00 hadi E99.

Tofautisha ufunguzi na nadharia yake. Ufunguzi kila mtu anaucheza, hata aliyejifunza jana. Nadharia ni yale yaliyokwisha kujulikana kuuhusu, na hiyo ndiyo inayobishaniwa hapa.

Alama kama e4 na Nf3 zinasomwaje?

Ubao una safu za herufi a hadi h na mistari ya namba 1 hadi 8. Herufi kubwa inataja kete: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda, ambacho wengine humwita askari, hakina herufi. Kwa hiyo e4 ni kitunda kwenda e4, na Nf3 ni farasi kwenda f3. Alama x ina maana ya kula, + ni cheki (mfalme anashambuliwa), na O-O ni kumwingiza mfalme ngomeni upande mfupi, yaani mfalme na ngome husogea pamoja kwa hatua moja ili mfalme ajifiche. Nukta tatu, kama 5...e6, zinaonyesha hatua ya mweusi. Herufi ya ziada, kama Ngf6, inasema farasi ametoka safu ya g.

Nisipojua nadharia yoyote, nitaanzaje mchezo?

Kwa kanuni chache ambazo hazijazeeka. Weka kitunda katikati, yaani e4 au d4 ukiwa mweupe, na upiganie eneo hilohilo ukiwa mweusi. Toa farasi na maaskofu kabla ya kuanza kushambulia. Mwingize mfalme ngomeni mapema. Hatua ya saba au ya nane ni wakati mzuri. Usisogeze kete ileile mara mbili ilhali wenzake wamelala nyumbani, isipokuwa kuna cha kula au cha kuokoa. Malkia asitoke mapema, kwa sababu kila kete ndogo ya mpinzani (farasi au askofu) itakayomfukuza inatoka nyumbani kwa faida.

Mtu anayefuata haya na kutazama kila hatua ya mpinzani kwa makini atatoka kwenye ufunguzi akiwa salama karibu kila mara, dhidi ya mtu wa kiwango chake.

Jibu fupi basi: kusoma ufunguzi kunasaidia au hakusaidii?

Kunasaidia, lakini kiasi cha msaada kinategemea kiwango chako, na zaidi kinategemea unasoma nini ndani ya ufunguzi. Anayesoma mipango anapanda. Anayesoma orodha ya hatua anapata furaha ya kujua jina la ufunguzi, kisha anapoteza mchezo uleule aliokuwa akiupoteza.

Usiniamini kwa maneno. Chukua michezo yako kumi ya mwisho uliyoshindwa, ifungue mmoja mmoja, na uandike hatua ambayo mchezo ulikuponyoka. Ukiwa chini ya kiwango cha 1200 (namba inayopima nguvu ya mchezaji), utakuta farasi aliyeachwa bila mlinzi kwenye hatua ya 16, ngome iliyoliwa baada ya farasi kuishambulia pamoja na mfalme kwa wakati mmoja kwenye hatua ya 22, chekimeti (mfalme ameshambuliwa na hana pa kukimbilia) ya mstari wa nyuma kwenye hatua ya 30. Ufunguzi ulikuwa umekwisha zamani, na mara nyingi ulikuwa umekwisha vizuri. Ukikuta kinyume chake, kwamba michezo mingi ilivunjika kabla ya hatua ya 10, basi ufunguzi ndio ugonjwa wako na unastahili dawa.

Kwa nini basi makocha wengine husema usiguse ufunguzi kabisa?

Kwa sababu wamechoka kuona wanafunzi wakitazama video za ufunguzi saa tatu bila kufumbua fumbo hata moja la mbinu. Hasira yao naielewa, lakini ushauri wenyewe umepita kiasi. Ufunguzi ndio sehemu pekee unayoicheza kila mchezo bila kukosa. Kuna michezo mingi isiyofika mwisho wenye vitunda na wafalme peke yao, ila hakuna mchezo usio na mwanzo. Pia mtu anayetoka kwenye ufunguzi akiwa amebanwa kila siku, bila nafasi ya kupumua, hafurahii mchezo, na asiyefurahia mchezo haendelei kuucheza.

## Kiwango na muda

Niko 800 mtandaoni. Nisome nini?

Kanuni zilizotajwa hapo juu, na mambo mawili ya kujikinga: namna ya kuzuia chekimeti ya hatua nne (tazama swali kuhusu mitego) na namna ya kuilinda e5 au d5 yako inaposhambuliwa. Yatosha. Muda uliobaki wote uende kwenye mafumbo ya mbinu na kwenye tabia moja: kabla ya kugusa kete, jiulize mpinzani anatishia nini. Tabia hiyo peke yake itakupa alama nyingi kuliko ufunguzi wowote duniani.

Niko kati ya 1200 na 1600.

Hapa ufunguzi unaanza kulipa. Chagua ufunguzi mmoja wa mweupe, jibu moja dhidi ya e4 na jibu moja dhidi ya d4. Jifunze hatua sita hadi nane za kila mmoja pamoja na sababu zake, kisha cheza hivyo hivyo kwa miezi. Ukiona mpinzani amekuletea jambo jipya na limekusumbua, litazame baada ya mchezo, ongeza tawi moja tu kwenye daftari, funga. Nadharia itakua yenyewe kutoka kwenye michezo yako, na hutaisahau kwa sababu kila tawi lina mchezo nyuma yake.

Na aliye juu ya 1800?

Huyo anahitaji nadharia ya kweli, maana wapinzani wake wanamwadhibu akikosea kidogo tu na anakutana na watu wanaojiandaa. Hata hivyo, kinachomtenganisha na mwenye 2100 mara nyingi ni mwisho wa mchezo na uwezo wa kuhesabu hatua zijazo.

Namba hizi ni za wapi?

Ni za mtandaoni, nazo hutofautiana kati ya jukwaa na jukwaa, kwa hiyo zichukue kama makadirio. Usizilinganishe moja kwa moja na za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia. Tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa kwenye orodha ya FIDE ni 1400; chini ya hapo mchezaji hana kiwango cha kimataifa.

Nina saa tano tu kwa wiki. Ufunguzi upate ngapi?

Ukiwa chini ya 1600, saa moja au pungufu. Saa mbili cheza michezo ya polepole, dakika 15 kwenda juu kwa kila upande. Zilizobaki gawanya kati ya mafumbo na kuchambua michezo yako mwenyewe. Ukigundua kwamba saa ya ufunguzi imegeuka saa tatu, acha. Kutazama mtu akieleza ufunguzi ni kutamu kwa sababu hakuumizi. Kufumbua fumbo gumu kunaumiza, na ndiko kunakojenga.

## Namna ya kusoma

Mbona nakariri hatua nyingi na kuzisahau wiki ijayo?

Kwa sababu kichwa hakishiki kisichokuwa na maana. Mwaka 1973 watafiti Chase na Simon waliwaonyesha wachezaji hali za ubao kwa sekunde tano, kisha wakawataka wazipange upya. Hali ilipotoka kwenye mchezo halisi, bingwa aliwashinda wanaoanza kwa mbali. Kete zilipotawanywa ovyo, ubora wake karibu wote ukatoweka. Kumbukumbu ya bingwa haikuwa ya pekee. Alichokuwa nacho ni macho yaliyozoea kuona kete zikifanya kazi pamoja. Ukizijua hatua kama namba ya simu, umejinyima kitu hichohicho.

Kukariri kama kasuku kuna hatari nyingine mbaya kuliko kusahau: kukumbuka mahali pasipofaa. Tazama ufunguzi wa mweusi uitwao Caro-Kann: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Nd7. Mweusi amejifunza kwamba hatua yake inayofuata ni kumtoa farasi wa pili kwenda f6, na kwa kawaida ni sahihi. Lakini mweupe anacheza 5.Qe2, hatua inayoonekana ya kizembe, maana malkia amemzibia njia askofu wake mwenyewe. Mweusi anaendelea na wimbo wake: 5...Ngf6. Kisha 6.Nd6 ni chekimeti. Kitunda cha e7 kinaweza kumfikia farasi huyo, ila hakiruhusiwi kusogea, kwa kuwa malkia wa e2 anamtazama mfalme kupitia safu ya e. Na mfalme mwenyewe amezungukwa na watu wake: malkia d8, farasi d7, askofu f8, kitunda f7. Hana hata mraba mmoja.

Aliyejiuliza kwa nini malkia amekuja e2 angecheza 5...e6 au 5...Ndf6 na kuwa na mchezo mzuri. Swali hilo moja lina thamani kuliko hatua kumi za kukariri.

"Kuelewa ufunguzi" maana yake ni kuelewa nini?

Ni kujua kila hatua inafanya kazi gani, na nini kingebadilika kama mpinzani angejibu vingine. Nitaonyesha kwa Ufunguzi wa Kiitaliano, kwa sababu ndio ninaoupendekeza kwa wengi.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.c3. Kwa nini c3? Mweupe anataka kusukuma d4, na mweusi akila d4, mweupe ale kwa kitunda cha c ili abaki na vitunda viwili katikati, d4 na e4. Pili, askofu wa c4 amepata njia ya kurudi b3 au c2 akifukuzwa.

Sasa tuseme mweusi anajibu 4...d6. Hatua nzuri kwa sura, lakini haishambulii chochote. Mweupe anasukuma 5.d4 papo hapo, akimtishia askofu wa c5. Baada ya 5...exd4 6.cxd4 mweupe ana katikati yote na askofu wa mweusi lazima aondoke au atoe cheki kutoka b4.

Tuseme badala yake anajibu 4...Nf6. Farasi huyu anaitazama e4. Ukikimbilia 5.d4, baada ya exd4 6.cxd4 Bb4+ unajikuta unajibu cheki wakati e4 haina mlinzi, na ile katikati uliyojisifia inaanza kubomoka. Hatua hiyo haijakatazwa, inachezwa, ila inataka hesabu nyingi. Ndiyo maana wengi leo hucheza 5.d3: wanailinda e4 kwanza. Baada ya hapo mfalme anaingia ngomeni, ngome inakwenda e1, farasi wa pili anapita d2 na f1 hadi g3, na d4 inakuja baadaye ikiwa imeiva.

Umeona kwamba c3 ni ileile, na mpango wa d4 ni uleule, lakini wakati wa kuutekeleza umeamuliwa na farasi mmoja aliyekwenda f6. Mtu aliyeelewa hili hahitaji kukariri jibu la kila hatua. Anauliza tu: e4 yangu inashambuliwa? Kama haishambuliwi, d4 sasa. Kama inashambuliwa, d3 kwanza. Akienda kucheza Kihispania, yaani askofu b5 badala ya c4, atakuta c3 na d4 zinamsubiri huko pia.

Nichague ufunguzi gani?

Kwa mweupe anayejifunza, e4 na Kiitaliano. Unafungua mchezo, kete zinagongana mapema, na unafundishwa mbinu kwa nguvu. Ukiwa mweusi dhidi ya e4, jibu e5 kwa sababu hiyohiyo, au Caro-Kann kama unapenda ubao uliotulia. Dhidi ya d4, jibu d5 kisha e6 na farasi f6. Huko ndiko mabingwa wengi wa zamani walikolelewa.

Ulinzi wa Kisisilia (1.e4 c5), hasa tawi lake la Najdorf, nauheshimu sana, ila una matawi mengi kiasi kwamba mwanafunzi anageuka mtumwa wake. Uende huko ukishajua kuhesabu.

Mfumo wa London vipi? Naambiwa hauhitaji nadharia.

d4, askofu f4, e3, c3, farasi f3: unajengwa karibu vilevile dhidi ya chochote, na kwa mtu mwenye kazi na watoto ni msaada mkubwa. Shida yake ni kwamba unamfundisha mtu kuacha kutazama. Mweusi akicheza d5, c5 na mapema kumleta malkia b6, kitunda cha b2 kiko mashakani kwa sababu mlinzi wake, askofu, ameondoka c1. Nimeona wengi wakiendelea kupanga kete zao kama hakuna kilichotokea. Ucheze, lakini kila baada ya michezo michache cheza kitu kingine.

Mitego ya ufunguzi je? Inashinda michezo mingi haraka.

Inashinda hadi siku utakapokutana na anayeijua, halafu unabaki na ubao mbovu na hujui cha kufanya. Ijue mitego ili usinaswe, na usijenge mchezo wako juu yake.

Chekimeti ya hatua nne inaogopwa bure. Baada ya 1.e4 e5 2.Qh5, linda e5 kwa Nc6. Ikija 3.Bc4, kinachotishiwa ni f7, kwa hiyo cheza 3...g6 na kumfukuza malkia. Akirudi 4.Qf3 akitishia tena, 4...Nf6 inaziba njia. Sasa mweupe amemsogeza malkia mara mbili, wewe una farasi wawili nje, na mraba wa f3 ambao farasi wake aliutaka umekaliwa na malkia. Wewe ndiye uliye vizuri.

Mtego mmoja ninaoupenda kwa dhati ni wa Légal, Mfaransa wa karne ya 18, kwa sababu unafundisha jambo la kudumu. 1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.Bc4 Bg4 4.Nc3 g6 5.Nxe5! Mweupe anamwacha malkia aliwe: 5...Bxd1 6.Bxf7+ Ke7 7.Nd5, chekimeti kwa kete tatu ndogo. Somo ni kwamba kete kubanwa mbele ya malkia (ikisogea, malkia anabaki wazi) si sawa na kubanwa mbele ya mfalme. Iliyobanwa mbele ya malkia inaweza kusogea kama bei inafaa.

Sina kompyuta na bando ni la shida. Nitaweza?

Utaweza, na usidharau nafasi yako. Lichess ni ya bure kabisa, haina matangazo, na kwenye programu yake ya simu unaweza kucheza dhidi ya kompyuta na kufumbua mafumbo yaliyohifadhiwa hata mtandao ukiwa umezima. Ubao wa plastiki na daftari vinatosha kwa ufunguzi: andika hatua upande wa kushoto, sababu upande wa kulia. Usipoweza kujaza upande wa kulia, hujaujua ufunguzi huo bado.

Phiona Mutesi alijifunzia sataranji kwenye mradi wa Robert Katende huko Katwe, mtaa wa mabanda Kampala, na mwaka 2012 akapata cheo cha WCM (mojawapo ya vyeo vya FIDE vya wanawake) kwenye Olimpiadi ya Istanbul. Hakuwa amekulia kwenye nyumba yenye kompyuta na hifadhidata za michezo.

Injini (programu inayochambua michezo) inasema ufunguzi wangu ni mbaya. Niuache?

Inategemea "mbaya" ni kiasi gani. Tofauti ya 0.3 au 0.5 ya kitunda haina maana yoyote kwa watu wanaoachiana farasi. Ukiona tofauti ya kitunda kizima na zaidi, tafuta ni hatua gani iliyosababisha. Injini haikuambii sababu, na hapo ndipo kazi yako inaanza: cheza hatua unayoiona nzuri dhidi yake, uone inakujibu nini.

## Kwa wanaobisha

Lakini mabingwa wa dunia hujiandaa hatua 20 na zaidi. Kwa nini mimi nisifanye hivyo?

Kwa sababu hayo mengine yote wanayo tayari. Na ni kweli ufunguzi unaweza kuamua taji: London mwaka 2000, Kramnik alimkabili Kasparov kwa Ulinzi wa Berlin, na katika michezo 15 Kasparov hakushinda hata mmoja. Kramnik akachukua ubingwa 8.5 kwa 6.5. Lakini tazama ulinzi huo ulimpa nini: malkia wanatoka mapema, na mchezo unahamia kwenye mwisho mgumu ambao alijua kuucheza. Aliuchagua kwa sababu ya kilichofuata.

Mwaka 2013 kule Chennai, Carlsen alimvua Anand taji 6.5 kwa 3.5 kwa kutafuta hali zisizo na makeke na kumbana mwenzake kwa saa nyingi. Na Desemba 2024 huko Singapore, mchezo wa 14 na wa mwisho wa kuwania taji la dunia kati ya Ding na Gukesh uliamuliwa kwenye hatua ya 55, pale Ding aliposogeza ngome f2 na kuruhusu kete zibadilishwe hadi kubaki vitunda. Mwisho huo ulikuwa umeshapotea. Gukesh akawa bingwa akiwa na miaka 18. Timu za wachambuzi zilikuwa zimehangaika na ufunguzi kwa miezi.

Capablanca alitaka watu waanze na mwisho wa mchezo. Tumfuate?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Bingwa huyu wa dunia wa 1921 hadi 1927 aliona kwamba ukiwa na kete chache ubaoni unaona nguvu halisi ya kila moja. Anayejua kwamba mwisho wa mfalme na kitunda dhidi ya mfalme unaweza kuwa sare au ushindi kulingana na nani anasogeza, anajua pia lini akubali kubadilishana malkia kwenye hatua ya 12. Mjifunzaji akijua misingi ya vitunda na hali mbili za ngome, ya Lucena na ya Philidor, ana deni dogo kuliko wengi wa klabu yake.

## Hali za pembeni

Mpinzani ametoka nje ya nadharia kwenye hatua ya tatu. Nifanye nini?

Furahi, kisha punguza mwendo. Jiulize hatua yake inatishia nini na imeacha nini. Kama haitishii chochote, endelea kutoa kete zako kwa kanuni. Kosa kubwa hapa ni kutaka kumwadhibu papo hapo. Hatua isiyo ya kitabuni mara nyingi ni dhaifu kidogo tu, na adhabu yake ni wewe kuwa na ubao mzuri kidogo.

Kuna funguzi ambazo kanuni hazitoshi?

Zipo, na ni lazima kusema wazi. Kwenye Kiitaliano, mweusi akijibu 3...Nf6, mweupe anaweza kucheza 4.Ng5, akisogeza farasi mara ya pili kinyume na kanuni, na f7 inashambuliwa na kete mbili. Jibu ni 4...d5 5.exd5, na sasa hatua ya kawaida, 5...Nxd5, inaruhusu 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+, ambapo mfalme analazimika kwenda e6 ili asimpoteze farasi. Wenye kuhesabu vizuri huweza kunusurika, wengi hawanusuriki. Hatua inayopendekezwa ni 5...Na5, farasi pembeni, ambayo hakuna kanuni itakayokunong'oneza. Hii ijue kwa kichwa. Matawi ya aina hii kwenye orodha yako hayapaswi kuwa mengi. Yakiwa mengi, umechagua funguzi zisizokufaa.

Nabadilisha ufunguzi kila nikishindwa. Ni vibaya?

Ni vibaya. Unaanza upya kila mwezi na hufiki mahali unapoanza kuzitambua hali. Badilisha tu kama umecheza ufunguzi kwa muda mrefu, umechambua michezo, na ubao unaoupata haukupendezi.

Nacheza blitzi tu (michezo ya kasi ya dakika chache). Kwangu si tofauti?

Tofauti kidogo. Ukiwa na dakika tatu, kuokoa sekunde arobaini kwenye ufunguzi ni faida ya kweli. Lakini blitzi haikufundishi ufunguzi mpya, inakuonyesha tu unaoujua. Jifunze kwenye mchezo wa polepole, jaribu kwenye blitzi.

Nina mashindano kesho kutwa na namjua mpinzani. Nijiandae vipi?

Tazama michezo yake michache, ujue anaanza na nini, rudia tawi lako linalohusika, kisha lala. Ufunguzi uliojifunza usiku wa kuamkia mashindano utakuponyoka hatua ya tano.

Michezo ya siku nyingi mtandaoni: kutazama kitabu cha ufunguzi ni udanganyifu?

Kwenye majukwaa makubwa, michezo ya siku kadhaa kwa hatua inaruhusu vitabu na hifadhidata za funguzi, ila injini ni marufuku. Kwenye mchezo wa saa inayokimbia, hakuna msaada wowote unaoruhusiwa. Michezo hii ya siku nyingi ni shule nzuri sana ya ufunguzi, kwa sababu unasoma ukiwa ndani ya hali halisi na una muda wa kujiuliza kwa nini.

Mtoto wangu ana miaka minane. Nimnunulie kozi ya ufunguzi?

Hapana. Mwache acheze, ashinde na ashindwe, ajue chekimeti za ngome mbili na za malkia. Akianza kuuliza mwenyewe kwa nini anabanwa mwanzoni, mkae pamoja na mchezo wake.

Kama nadharia inanichosha kabisa, kuna namna ya kuikwepa?

Ipo. Mwaka 1996 kule Buenos Aires, Bobby Fischer alitangaza mtindo ambao kete za mstari wa nyuma hupangwa kwa bahati nasibu, kwa masharti kwamba maaskofu wawe kwenye rangi tofauti na mfalme awe kati ya ngome zake. Mipangilio inayowezekana ni 960. FIDE iliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mtindo huu mwaka 2019, na Wesley So akamshinda Carlsen kwenye fainali. Unapatikana bure mtandaoni, na unaweza kuupanga hata kwa kurusha dadu nyumbani.